Barua ya wazi kwa viongozi wa Pemba kuhusu dhulma tunayoifanya sisi wenyewe

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Kaskazini Pemba na Kusini Pemba,
Waheshimiwa Wawakilishi na Wabunge wa majimbo ya Pemba,
Viongozi wa vyama vya siasa kisiwani,
na Masheha wote.

Assalaamu alaykum.

Waheshimiwa, nawaandikia kuhusu jambo ambalo sisi Wapemba hatupendi kulisema mbele za watu, na tukilisema majumbani mwetu hulisema kwa mzaha. Jambo lenyewe ni namna tunavyowatendea walio wachache na wanyonge kuliko sisi humu humu kisiwani: Wamakonde waliozaliwa hapa, ambao wazee wao walitoka Msumbiji na kusini mwa bara, vibarua na wachuuzi waliotoka bara, Wakristo, na hata Wakojani, watu wa kisiwa kidogo cha Kojani, ambao ni Wapemba kama sisi ila tumezoea kuwafanya kichekesho. Nimechagua kuwaandikia nyinyi, wala si wakubwa wa Unguja au wa Dodoma, kwa sababu mara hii hakuna wa kulaumiwa ng'ambo ya bahari. Haya tunayafanya wenyewe, na baadhi yake hupita mikononi mwenu.

Naijua hoja itakayoletwa kabla barua hii haijasomwa hadi mwisho. Itasemwa kwamba Mpemba ndiye mnyonge wa nchi hii, sasa yeye atamdhulumu nani? Unyonge huo siukatai. Baada ya Mapinduzi ya 1964 watu walichapwa bakora hadharani katika kisiwa hiki, na walioshuhudia wangali hai miongoni mwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele na unga wa ngano ulipozuiwa kuingia kutoka nje, tulipanga foleni na tukalala na njaa huku karafuu za mashamba yetu zikiiletea Serikali fedha zake za kigeni. Baada ya uchaguzi wa 1995 wako Wapemba walioachishwa kazi serikalini bila kosa lililoelezeka. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 damu ilimwagika wakati wa maandamano ya upinzani. Tume iliyoongozwa na Brigedia Hashim Mbita ilihesabu waliokufa kuwa 31, na zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni nchini Kenya. Mwaka 2009 uandikishaji wa wapiga kura ulikwama hapa Pemba, kwa kuwa watu waliona kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kimekuwa kizuizi, na ufunguo wa kizuizi hicho umo mfukoni mwa sheha, yaani kiongozi wa Serikali wa mtaani. Na mpaka leo Mpemba aliyefungua duka Unguja husikia akiulizwa, kwa kicheko, lini atarudi kwao.

Sina haja ya kuendelea, kwani mnayajua. Wengine wenu mliyaeleza vizuri zaidi yangu jukwaani, na kwa kuyaeleza vizuri mkapata kura. Ndiyo sababu nastaajabu kwamba watu wanaoijua dhulma kwa undani kiasi hiki hawaitambui inapokaa nao barzani.

Hivi karibuni nilikuwa kwenye barza ya sheha mmoja katika Wilaya ya Wete, nikisubiri barua ya mpaka wa kiwanja. Mbele yangu alikuwapo mama wa makamo wa ukoo wa Kimakonde, amekuja na kijana wake kuomba barua ya kupelekea maombi ya kitambulisho. Kijana alikuwa na bahasha ya kaki, na ndani yake cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki ya utotoni iliyokwishachakaa kwenye mikunjo, na cheti cha kumaliza kidato cha nne. Sheha hakuifungua bahasha. Aliuliza, "Asili yenu wapi?"

Mama akajibu kwa adabu, "Hapa hapa, Sheha. Mimi nimezaliwa hapa, na mamangu kazikwa hapa. Wewe mwenyewe ulikuwamo mazikoni."

"Hilo nalijua, mama. Mimi nakuuliza asili."

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akadakia, "Sheha, mwambie akuoneshe chale za babu yake, ndicho kitambulisho chao." Barza nzima ikacheka, maana Wamakonde wa zamani walikuwa wakichanjwa chale usoni. Sheha naye alitabasamu, kisha akamtaka mama alete mashahidi wawili "wenyeji wa asili" wa kuthibitisha asili yake. Kijana alizipanga upya karatasi zake ndani ya bahasha, akamwambia mama yake waondoke.

Mzee yule aliyetia mzaha namjua tangu utoto wangu. Ni yeye ambaye kila msimu wa uchaguzi hutusimulia jinsi sheha wa mwaka 2009 alivyomrudisha na karatasi zake mkononi bila kuzitazama, akimuuliza maswali yasiyokuwamo katika fomu yoyote, na watu wa chama cha pili wakimcheka. Huisimulia khabari hiyo kwa uchungu wa kweli. Siku ile hakuona kwamba anaisikia tena, ila safari hii yeye yuko upande wa wanaocheka. Hakuna aliyeona.

Sitaki mdhani nimekuja kumshitaki sheha yule, na ndiyo maana sikumtaja. Ni mtu mwema kwa mambo mengi; kukiwa na msiba yeye ndiye wa mwanzo kupeleka viti na majamvi. Lakini ofisi yake imempa nafasi ya kuuliza swali ambalo sheria haikumtuma kuuliza. Sheria ya Mzanzibari ya mwaka 1985 hutazama uraia, kuzaliwa, wazazi na muda wa kuishi. Haina kipimo cha kabila, wala cha chale usoni, wala cha lafudhi. Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika kifungu cha 12, inawataka wenye mamlaka wasimbague mtu kwa kabila lake, pahala alipotoka, maoni yake ya kisiasa, rangi wala dini yake. Kifungu hicho ndicho mawakili wetu walichokuwa wakikisoma kwa sauti kubwa kila Mpemba aliponyimwa haki yake, na hakikuandikwa kwa ajili ya Mpemba peke yake.

Inafaa tujiulize tabia hii imetoka wapi, maana haikushuka kutoka mbinguni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waligawa posho ya chakula katika visiwa hivi kwa kufuata asili ya mtu. Mwarabu na Muhindi walihesabiwa kuwa walaji wa mchele, na Mwafrika akahesabiwa kuwa wa nafaka nyengine. Katika mpango wa namna hiyo mtu hapati haki kwa kuthibitisha kwamba ana njaa. Huipata kwa kuthibitisha kwamba yeye si yule wa chini yake. Ndivyo watu walivyozidi kukimbiana, mchezo ulioanza hata kabla ya vita hivyo. Waliokuwa wakiitwa Waswahili katika sensa za zamani walijiandikisha kwa majina mengine kwa maelfu, kwa sababu jina hilo lilikuwa limeanza kunuka utumwa. Washirazi wa Pemba, wenyeji waliojinasibisha na Uajemi, waliunda jumuiya yao ili wasihesabiwe pamoja na watu wa bara. Wangazija, yaani watu wenye asili ya Komoro, kwa upande wao, walipigania kwa miaka mingi wasiingizwe katika fungu la wenyeji, wakitaraji heshima na mgao bora. Kila kundi lilikuwa na malalamiko ya haki dhidi ya aliye juu, na kila kundi lilitafuta nafuu kwa kumkanyaga aliye chini.

Malipo ya mchezo huo tunayajua. Juni 1961 watu 68 waliuawa Unguja katika ghasia za uchaguzi, karibu wote Waarabu, na wengi wao walikuwa Wamanga, yaani wachuuzi wanyonge wa vijijini waliokuwa wakiuza chumvi na mafuta ya taa kwa vibaba. Wenye mashamba makubwa na nyumba za ghorofa Mji Mkongwe hawakuwa ndio waliochinjwa siku zile. Hasira ilikuwa ya haki kwa mambo mengi, lakini ilimfikia aliyekuwa karibu na asiyekuwa na mlinzi. Miaka 7 baadaye, mwaka 1968, Wangazija wale wale waliohangaika kujitenga na wenyeji waliambiwa na Serikali kwamba si raia, na wanaotaka uraia wauombe upya. Utaratibu wa kupima haki ya mtu kwa asili yake haukuwaachia hata waliowahi kufaidika nao.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu ninasikia watu wakisema dharau dhidi ya Wamakonde au watu wa bara ni mambo ya kawaida tu, utani wa watani. Utani una masharti yake, na sharti la kwanza ni kwamba pande zote mbili ziwe na nafasi ya kujibu. Mama yule wa barzani hakuwa na nafasi hiyo. Angejibu kwa neno lolote lenye ukali, barua ya mwanawe ingekwenda na maji.

Nawaomba sasa mtazame ng'ambo, Kenya, ambako khabari yetu na ya Wamakonde ilikuwa moja kwa miaka mingi. Wapemba waliokwenda dago, yaani kambi za wavuvi, katika pwani ya Kwale na Kilifi wakaoa na kuzaa huko, waliishi vizazi kadhaa bila ya kuwa raia wa nchi yoyote. Bila kitambulisho hukuweza kupata leseni ya uvuvi kwa jina lako, wala kufungua akaunti ya benki, wala kusajili laini ya simu. Mvuvi aliuza samaki wake kwa jina la mtu mwengine na akalipwa alichopewa. Karibu nao, katika Kwale hiyo hiyo, walikuwapo Wamakonde ambao wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, nao vile vile hawakuwa na karatasi. Oktoba 2016 Wamakonde hao walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia, na mwaka uliofuata wakaanza kupewa vitambulisho na kutambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba walitambuliwa baada yao, mwaka 2023. Njia waliyopita jamaa zetu ilikuwa imekwishafyekwa na miguu ya Wamakonde.

Khabari ile ilipofika hapa tulifurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Picha za wazee wetu wakiinua vitambulisho vyao zilizunguka katika simu za kisiwa kizima. Wako wenye jamaa Shimoni, Vanga na Watamu waliolia kwa furaha. Sasa nauliza kwa heshima: kwa hoja gani tunasema kwamba Mpemba aliyezaliwa Vanga ni Mkenya kamili, na Mmakonde aliyezaliwa Wete alete mashahidi wa asili? Mwenye hoja hiyo ajitokeze aiandike, nami nitaisoma.

Haya ya karatasi ndiyo yaliyo wazi zaidi, lakini si yote. Msimu wa karafuu ukifika, kisiwa huhitaji mikono, na baadhi ya mikono hiyo hutoka Tanga, Mtwara na Tabora, kama ilivyokuwa tangu enzi za wazee wetu. Mchumaji hulipwa kwa pishi. Nimesimama uwanjani jioni, karafuu zimekwishachambuliwa na kutengwa na makonyo yake, nikamwona mwenye shamba akimpimia mpwa wake kwa pishi ya mfuto, iliyosawazishwa juu, na kibarua wa bara kwa pishi ya lundo, mpaka punje zinamwagika pembeni na kurudi katika fungu la mwenye shamba. Kibarua alitazama tu. Akisema neno, kesho hana mti wa kupanda. Karafuu zikipotea jamvini usiku, wa kwanza kupekuliwa ni watu wa dago la wachumaji, hata kama kila mtu kijijini anamjua mwizi na ni mtoto wa nani. Na mchumaji akianguka mkarafuuni, yule mwenye ukoo hapa huchangiwa na mtaa, naye mgeni hutafutiwa nauli ya boti.

Ya Wakojani nitayapitia kwa haraka, maana mwenye kuyajua anayajua. Ni wavuvi hodari kuliko sote, wamefika Mafia, Kilwa na Lamu kwa madau yao, na wametulisha samaki miaka nenda miaka rudi. Pamoja na hayo, mtoto wa Kojani akipangiwa skuli ya mjini huanza kwa kuchekwa usemi wake, na wako wazazi wa Wete na Chake Chake ambao posa ya Mkojani huijibu kwa kicheko. Mpemba huyu huyu akienda Unguja hukasirika akichekwa usemi wake.

Kuhusu Wakristo, ninataka niseme kwa uangalifu kwa sababu kuna mambo ya dini na kuna mambo ya siasa yaliyochanganywa. Katika mwaka 2012 makanisa yalichomwa moto Unguja. Novemba ya mwaka huo Sheikh Fadhil Soraga, aliyekuwa katika Ofisi ya Mufti, alimwagiwa tindikali. Na Februari 2013 Padri Evarist Mushi alipigwa risasi na kuuawa alipofika kuongoza misa. Hayo hayakutokea Pemba, na nani aliyafanya si kazi yangu kusema. Ninachokikumbuka ni maneno yaliyosemwa katika barza zetu za Pemba wakati ule. Kwa sheikh watu walisikitika wazi wazi. Kwa padri wako waliosikitika, na wako waliosema kwamba watu wa bara wamejitakia, wametujia na makanisa na baa. Padri hana baa. Mlevi wa bara na mcha Mungu wa bara, kwetu, wamekuwa mtu mmoja, kama vile kwa wengine Mpemba mwenye duka na Mpemba mchawi wa hadithi zao walivyokuwa mtu mmoja.

Hadi leo mwalimu wa hesabu au wa fizikia anayeletwa kutoka bara, katika somo ambalo skuli zetu zina shida ya walimu, huweza kuzunguka kijiji akitafuta chumba cha kupanga na kila mwenye nyumba akamwambia chumba kimeshachukuliwa. Namjua mmoja aliyehama baada ya muhula mmoja tu. Darasa la kidato cha tatu likabaki bila ya mwalimu wa fizikia, na wazazi wakaja juu kuilaumu Wizara.

Hapa nafika kwenye hoja ya upande wa pili iliyo nzito kuliko zote, nami sitaki kuipita kwa kuruka. Wapemba wengi huogopa kwamba watu wa bara huletwa visiwani kwa makusudi ili wapige kura, ili wachukue ajira katika mahoteli, na ili mwishowe Mzanzibari awe mgeni katika nchi yake. Khofu hii haikuzuka hewani. Katika chaguzi zilizopita malalamiko kuhusu wapiga kura wasiostahiki yameletwa tena na tena, na hayakujibiwa kwa namna ya kuridhisha. Suala la nani aamue kuhusu ukaazi, ardhi na ajira ndani ya Muungano ni suala halali, nami ni miongoni mwa wanaotaka lizungumzwe mpaka lipate jawabu.

Lakini tumtazame anayelipia khofu hiyo. Aliyeandaa daftari la wapiga kura hajawahi kutukanwa sokoni Chake Chake. Mwenye hoteli aliyeamua asiajiri vijana wa kijijini hupokewa kwa kahawa na halua. Anayeitwa chogo, tusi la kumdharau mtu wa bara, mbele ya watoto wake ni muuza njugu, msuka nywele, kijana wa kubeba magunia bandarini Mkoani, ambao hawana usemi wowote katika Muungano, katika daftari wala katika ajira. Kiongozi anayesimama jukwaani na kuizungumzia khofu hii bila ya kutenganisha kati ya sera na mchuuzi anajua kwamba wasikilizaji wake wakitoka pale hawatakwenda Dodoma kuonana na sera. Watamkuta mchuuzi njiani.

Nasema hili kwa masikitiko, kwa sababu vyama vyote vimelifanya. Upande mmoja umekuwa ukiwatumia Wamakonde na watu wa bara kama mtaji wa kura na kuwasahau baada ya kura, bila ya kuwapa hata barua ya sheha inayodumu. Upande wa pili umewafanya ndio adui kwa sababu ya matumizi hayo. Mtu aliye katikati hana chama.

Ninajua pia kwamba wengi wenu ni watu wa dini, na khutba za Ijumaa mnazisikia kama mimi. Katika Suratul Hujurat tumekatazwa watu kuwadharau watu, huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaowadharau. Abu Dharr, ambaye mwenyewe alitoka katika kabila lisilokuwa na nguvu Makka, alipomtukana mwenzake kwa kumtaja mama yake, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia kwamba ndani yake bado mna ujahili. Hakumwambia kwamba unyonge wa kabila lake unampa ruhusa. Maimamu wetu wanaoisoma hadithi hiyo kuhusu wengine, naomba waisome na kuhusu sisi.

Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa, masheha mnawateua nyinyi. Uwezo wa kubadilisha yanayotokea barzani mnao bila ya kungoja sheria mpya wala bajeti. Toeni maelekezo ya maandishi kwamba sheha anayeombwa barua aulize yale tu yaliyomo katika sheria, na kwamba masharti yabandikwe ukutani mwa ofisi ya kila shehia kwa maandishi makubwa, ili anayekwenda ajue anatakiwa kupeleka nini na asiongezewe "asili" njiani. La muhimu kuliko hilo, sheha anayemkatalia mtu ampe karatasi yenye sababu ya kumkatalia, tarehe na saini yake. Hivi sasa mtu hurudishwa kwa mdomo, na anapokwenda kulalamika wilayani huulizwa amekataliwa na nani na kwa sababu gani, naye hana cha kuonesha. Wapemba tulikuwa tukilidai jambo hili hili mwaka 2009. Ofisi za Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii zilizoko hapa Pemba, zinazotoa vitambulisho, nazo zingerahisishiwa kazi, kwani zingepokea mtu mwenye jawabu la maandishi badala ya mtu mwenye kilio.

Waheshimiwa Wawakilishi, kwenu nina ombi gumu zaidi. Nimewasikia mkizungumza vizuri sana juu ya ubaguzi katika warsha za Unguja na katika mahojiano ya redio, mbele ya watu wanaokubaliana nanyi. Lisemeni hilo hilo Micheweni, katika mkutano wenu wa hadhara, mbele ya wapiga kura wenu, mkiwataja kwa jina Wamakonde, watu wa bara na Wakristo wanaoishi jimboni humo, na mkieleza kwamba kudai haki ya Pemba ndani ya Zanzibar na haki ya Zanzibar ndani ya Muungano hakumhitaji mtu yeyote atukanwe. Najua inaweza kukugharimuni kura. Wako miongoni mwenu waliokwenda jela kwa ajili ya kura zetu, kwa hiyo gharama si jambo geni kwenu.

Viongozi wa vyama, wakati wa kuwafundisha mawakala wenu kwa ajili ya uandikishaji ujao, wafundisheni kupinga jina kwa ushahidi wa ukaazi, tarehe na mashahidi wa kweli. Kumpinga mtu kwa sababu ya jina lake la Kikristo au kwa sababu anasema Kiswahili cha Mtwara si kulinda daftari. Pingamizi za namna hiyo ndizo zilizotumika kutukata sisi, na mnazo nakala zake katika makabati yenu.

Kwa upande wa wenye mashamba, ningependa Maafisa Kilimo wa wilaya, wanapopita msimu huu kukagua uchumaji na uanikaji, wakague na pishi. Kipimo kimoja kwa wachumaji wote, cha mfuto au cha lundo, bei ijulikane kabla mtu hajapanda mti, na mtu akianguka ahudumiwe kabla ya kuulizwa anatoka wapi.

Mwisho, naomba mkutano. Si semina yenye posho na maji ya chupa. Ni barza ya wazi, moja Wete na moja Chake Chake, kabla ya mavuno ya mwaka huu, ambapo Wakuu wa Mikoa watakaa na masheha wao, na watu waliorudishwa na karatasi zao watapewa nafasi ya kusema wamekataliwa lini na wameambiwa nini. Waitwe kwa tangazo la misikitini na makanisani pia, ili wasije walewale tunaokuja kila siku. Nikiarifiwa tarehe nitahudhuria, na nitakuwa tayari kusema mbele ya mzee wangu yule niliyoyaandika hapa.

Wenu mtiifu,
Mkaazi wa Wilaya ya Wete, Pemba